Siku Marehemu Alipopinga Mji

Nyie vijana mnaokwenda ofisi ya mtaa kugongewa muhuri, mkakuta mtendaji katoka, mkarudi njia nzima mnasonya, hebu kaeni chini mnisikilize. Ofisi hiyo mnayoisonya ilikuwa ofisi ya kijiji. Mlango wake niliufagia mimi, na mlangoni hapo hapo nilisimama na pembe nikaita watu, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Mji huu haukushuka na mvua. Uliitwa kwa sauti, hatua kwa hatua, na sauti yenyewe ilikuwa yangu.

Nilikuwa mpiga mbiu wa kijiji cha Kwamlole. Mjukuu wangu mmoja aliwaambia wenzake kwamba bibi alikuwa notifikesheni, wakaangua kicheko. Nikamwuliza maana yake, akanieleza. Nikaona hajakosea sana, ila hiyo yake inalia mfukoni mwa mtu mmoja na akitaka anaizima. Yangu ilimfikia hata asiyetaka kusikia, na hakuna aliyejua pa kuizimia.

Aliyenifundisha ni Mzee Athumani Kilango. Msidhani alikuwa mzee wa maneno matamu. Alikuwa mkali, mbishi, na ukimpa chai isiyo na tangawizi anairudisha. Meno ya mbele yalipomtoka, pembe ikawa inatoa upepo badala ya sauti, ndipo akatafuta wa kumrithisha. Wanaume walipolalamika kwamba pembe ya tandala haipulizwi na mwanamke, aliwajibu barazani mbele ya watu wote: "Nimetafuta mwanamume anayeamka mapema, halewi, na hasemi uongo. Nimechoka kutafuta. Mpeni Mama Zuhura." Mama Zuhura ndiye mimi.

Kupuliza nilijua upesi. Kuita ndiko kulikonichukua miaka. Mnadhani kuita watu ni kupaza sauti? Watu wamezaliwa wakisikia kelele, kelele haiwatoi nyumbani. Mzee Kilango alinifundisha kwamba ukiita, taja jambo lenyewe. Ukisema "kuna jambo muhimu," kila mtu atadhani ni muhimu kwa jirani. Sema "kisima kimebomoka," sema "watoto hawana dawati," uone kama hawatakuja. Na taja jambo ni la nani. Yeye mwenyewe katika ujana wake alitangaza chanjo, akasahau kusema ni ya mbwa. Akina mama wakajaa pale na watoto migongoni, bwana mifugo akatoroka kwa mlango wa nyuma. Mpaka meno yanamtoka walikuwa bado wanamtania kwa hilo.

Halafu kuna siku. Siku ya gulio usiite, watu wako sokoni Chanika na mizigo yao. Ijumaa usiite. Msimu wa palizi ukiita wakati umande haujakauka, utahutubia mbuzi. Kwa wafugaji huko mabomani, pembe peke yake haitoshi, wao wana pembe zao na makelele ya ng'ombe wao. Kwao unakwenda lamboni asubuhi, ng'ombe wakinywa, unasalimia kwanza "takwenya," unaitikiwa "iko," unauliza habari za mifugo kabla ya kuuliza za watu, ndipo unasema ulilojia. Ukianza na ulilojia, watakusikiliza kwa adabu zote na hawatakuja.

Na kulikuwa na katazo moja. Mzee Kilango alilirudia mpaka nikalichoka. "Usiite kikao kwenye msiba. Msibani watu wamemfuata maiti, hawajakufuata wewe. Na wenzetu wa mabomani hawakanyagi penye maiti, ndivyo walivyolelewa. Ukiita hapo, umewafungia mlango."

Nililiweka kichwani. Sikujua kama litakuja kunirudia kwenye msiba wake mwenyewe.

Sasa niwaeleze mji unavyozaliwa, maana nimewasikia mkibishana kijiweni kwamba ni mbunge aliyeuleta, mwingine anasema ni barabara ya lami. Barabara haizai mji. Mimi sikusoma zaidi ya darasa la nne, lakini kila hatua niliitangaza mimi, kwa hiyo nimeikariri kama Alhamdu.

Vijiji vikishakuwa vikubwa, nyumba zimesogeleana na maduka yameingia, serikali inaweza kuviunganisha viwe mji. Lakini haianzi juu ikaja chini kama mvua ya mawe. Inaanza kwenye halmashauri ya kijiji, wale wajumbe wachache. Wakikubali, wanalipeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na huo ni wa kila mkazi mtu mzima, mwenye viatu na asiye na viatu. Mkutano mkuu ndio wenye kijiji. Ukikubali, muhtasari unakwenda kata, kwenye kamati ya maendeleo. Kutoka kata unakwenda baraza la madiwani la wilaya. Kisha vikao vya ushauri, cha wilaya na cha mkoa. Kisha kwa waziri wa serikali za mitaa. Waziri akiridhika, linatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na siku hiyo ndipo mji unakuwa mji kisheria. Kabla ya hapo, hata mkijenga ghorofa, ninyi ni wanakijiji.

Na kijiji, mji ukizaliwa, kinakufa. Hilo ndilo watu wengi hawakulielewa. Kinakuwa mtaa. Mwenyekiti anabaki mwenyekiti, sawa, lakini mkutano wenu hauna tena kauli juu ya ardhi kama ilivyokuwa. Ardhi inakwenda halmashauri ya mji, mpimaji anakuja, panakatwa viwanja. Kwa hiyo kabla kijiji hakijafa, kinatakiwa kiseme kama mgonjwa anavyousia: hapa ni shule, hapa makaburi, hapa ni pa wote, pasiguswe. Lisiposemwa na kuandikwa katika mkutano mkuu, mpimaji atajuaje? Yeye ataona nyasi tu.

Sisi cha kuusia zaidi kilikuwa lambo. Mnalijua, mnalipiga picha jioni. Zamani hizo kiangazi kikikaza, ng'ombe wa mabomani hawakuwa na maji mengine ya karibu, na hata sasa hawana. Lambo likikatwa viwanja, watu wale walikuwa hawana budi kuhama. Si kuhama kwa kupenda. Kuhama kwa kufukuzwa na kiu.

Basi, mkutano mkuu ukaitishwa, akidi haikutimia. Ilikuwa palizi, nilimwambia mwenyekiti akasema tujaribu. Ukaitishwa tena, ukaangukia siku ya gulio kwa sababu mgeni kutoka wilayani alikuwa na nafasi siku hiyo tu. Tukaja sisi na mgeni wetu na mbwa wa mwenyekiti. Kata wakawa wanauliza kila mara, muhtasari wa Kwamlole uko wapi, vijiji vingine vyote vimeshaleta. Mwenyekiti wetu Mhina alikuwa mtu mwema, mwenye haraka. Alianza kukonda.

Katikati ya hayo Mzee Kilango akafariki.

Siku ya kuanua matanga ua wake ulijaa mpaka njiani. Walitoka Kwaluguru, walitoka Korogwe, watani zetu sisi Wazigua, Wasambaa, waliteremka kutoka Lutindi kwenye milima yao. Mnajua utani wetu. Mtani msibani hazuiwi. Mmoja wao, Shemdoe wa Lutindi, tangu mazishi alikuwa amejitwalia kanzu ya marehemu, kofia ya marehemu, kiti cha marehemu na fimbo yake. Akaongea kwa sauti ile ile ya marehemu ya pengo, akarudisha chai kwa kuwa haina tangawizi. Mjane, aliyekuwa hajala tangu mazishi, alicheka kwanza, kisha akala. Hiyo ndiyo kazi ya mtani.

Mhina alitazama umati ule, nikamwona macho yanang'aa. Akanijia pale jikoni nilipokuwa nasonga bada, ugali wetu wa muhogo.

"Mama Zuhura, akidi hiyo hapo."

"Mwenyekiti, hao wamekuja kwa Kilango."

"Na Kilango alikuwa mpiga mbiu. Basi kawaita kwa mara ya mwisho."

Nikamwambia habari ya wafugaji, kwamba hakuna hata mmoja pale na hatakuja. Akasema watajulishwa. Nikamwambia sipulizi. Akasema hakuna haja ya pembe, watu si wapo. Akasimama uani, akafungua mkutano mkuu wa kijiji kati ya dua na pilau.

Mtendaji wetu wa kijiji wakati huo alikuwa binti mmoja, Editha, mwenyeji wa Sumbawanga, hana hata msimu mmoja kwetu. Mchapakazi kwelikweli. Akakaa na daftari, akaandika kila kilichosemwa kama alivyofundishwa. Ajenda ya kwanza, kumwombea marehemu Athumani Kilango. Zikafuata nyingine. Walipofika kwenye maeneo ya wote, wakasema shule. Wakasema makaburi, maana ndiko tulikotoka juzi, mavumbi bado yako miguuni. Hakuna aliyesema lambo. Sisi wa huku kati tulikuwa tumeshavutiwa mabomba, na mwenye bomba halikumbuki lambo. Nikatoka jikoni na mwiko mkononi niseme, Mhina akadhani nakuja kumtangazia chakula, akaharakisha: "Wanaokubali tuwe mji wanyooshe mikono." Mikono ikapanda. "Kuna anayepinga?"

Shemdoe akainuka kwenye kiti cha marehemu, taratibu, anaegemea fimbo.

"Napinga. Mji gani huo unaoanza kabla pilau langu halijaiva? Nileteeni kwanza beberu, halafu tuzungumze."

Editha akauliza kwa heshima, "Jina lako, mzee?"

"Athumani Kilango. Hujanisikia nikiombewa?"

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Kila aliyekuwa karibu na Editha alikuwa amejishika mbavu, nani amwambie? Akaandika. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama upande wa lambo.

Kesho yake asubuhi Mama Nasieku alikuja na maziwa. Huyu ni mama wa boma la karibu na lambo, Mmasai, Mkristo, tulikuwa tumezoeana tangu watoto wetu wadogo. Kwa kawaida aliingia mpaka jikoni. Siku hiyo alisimama mbali, nje ya ua, kwa kuwa nilitoka msibani.

"Bibi, nasikia kijiji kimeuzwa."

"Hakijauzwa. Kimeolewa na mji."

Akatua kibuyu chini. "Na lambo ndilo mahari?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mhina, akaniambia muhtasari umeshapelekwa kata, hilo la lambo tutalisema mbele ya safari. Nikamwuliza mbele ya safari ni wapi, na huko mbele kijiji kitakuwa na mdomo gani wa kusemea. Akanywa maji. Siku zile nilifagia ofisi ile mpaka saruji ikaanza kutoka, maana mkono usipofanya kazi moyo unakula mtu.

Kamati ya kata ilipokaa, nilikuwapo, nimebeba birika la chai. Diwani ndiye mwenyekiti wa kamati ile. Alisoma muhtasari wetu, akageuza karatasi, akairudia. Akamtazama Mhina juu ya miwani.

"Mhina, huyu mliyemwombea dua ajenda ya kwanza, ndiye aliyepinga ajenda ya nne?"

Mhina akavua kofia.

"Ni mtani, mheshimiwa."

"Mtani ni mkazi wa Kwamlole?"

"Ni wa Lutindi, mheshimiwa. Korogwe."

"Alikuwa anafanya nini kwenye mkutano mkuu wa kijiji chako?"

Mhina akasema ukweli, na kwa hilo namheshimu hadi leo. "Kanzu ya marehemu alikuwa ameivaa, mheshimiwa. Tulikuwa matangani."

Walicheka wale wajumbe, mpaka mmoja wao, Mzigua mwenzetu, akauliza kama beberu aliletwa. Diwani alisubiri wamalize. Halafu akasema mkutano wa matangani si mkutano. Watu hawakuitwa, nusu si wakazi, na yeye hawezi kupeleka kwenye baraza la wilaya karatasi ambayo maiti ameipinga, wilaya watauliza Kwamlole kuna nini. Rudini mkaite watu kwa siku za taarifa zinazotakiwa, na kila kundi lifikiwe.

Niliweka birika chini. Msinione mkavu hivi, pale mlangoni nilisema Alhamdulillahi kwa sauti, wote wakageuka.

Editha njiani alilia, anasema amekiaibisha kijiji. Nikamwambia aache. "Uliandika ulichosikia. Ungeandika unachodhani, karatasi ingepita na lambo lingekwenda." Tangu hapo akawa kila akisikia neno msibani anauliza kwanza: huyu ni mtani au ni mkazi?

Mara hii Mhina alikodi bodaboda yenye spika, anasema pembe imepitwa na wakati. Sikumbishia. Kijana mwenye spika akawa anaweka muziki kati ya tangazo na tangazo, watu wa bondeni wakadhani ni promosheni ya sabuni, wakatoka na ndoo. Mimi nilichukua pembe yangu nikaenda lamboni umande ukiwapo. Nikasalimia, nikauliza habari za ndama, nikauliza mvua, nikakaa. Ndipo nikasema: siku fulani, kiwanja cha shule, hakuna maiti, jambo ni lambo hili mnalolitazama.

Walikuja. Walijaa upande mmoja wa kiwanja na mashuka yao mekundu, wamesimama na fimbo. Mama Nasieku alisimama mwenyewe. Alisema hapingi mji, mwanawe yuko shule ya huku na dawa tunanunua duka moja. "Ila mnaposema mji ni wa wote, ng'ombe wangu naye aandikiwe maji yake." Alikaa. Alikuwa amemaliza.

Mabishano yalikuwapo, kuna waliotaka ukingo wa lambo wapewe vijana wajenge vibanda. Yakaisha. Wajumbe wakaenda na Editha kwa miguu kuzunguka lambo, wakataja mpaka kuanzia kwenye korongo hadi njia ya ng'ombe, na njia yenyewe ikaandikwa. Mikono ikapanda. Mhina alipouliza kama kuna anayepinga, watu wote waligeuka kutazama nyuma kama Shemdoe hayupo. Hakuwapo.

Ukapita kata, ukapita baraza, ukapita huko kwingine kote. Siku ya tangazo la Gazeti niliitangaza pia, na hiyo ndiyo mbiu yangu ya mwisho. Kijiji cha Kwamlole kilikufa kwa sauti niliyofundishwa na Kilango, na nilipomaliza nilienda kupika kama siku nyingine.

Lakini kupumua kweli sikupumua siku hiyo. Nilipumua baadaye, mpimaji alipokuja. Niliona vijana wake wanateremka lamboni na mawe ya mipaka, nikashuka nyuma yao na kanga moja kichwani, nimejiandaa kulala mbele ya jembe lao. Mpimaji akaniamkia shikamoo, akafungua ramani juu ya boneti ya gari. Viwanja vyote vilikuwa na mistari na namba. Katikati palikuwa na doa moja halina namba.

"Hili halikatwi, bibi," akasema. "Mawe ni ya kulizungushia. Mkutano wenu ulishasema."

Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimekuwa nimesimama muda mrefu.

Siku hizi mikutano ya mtaa mnaitana kwa simu, kwenye makundi yenu yale. Sina ugomvi nayo. Ila taja jambo lenyewe, taja ni la nani, na kama mwenzako hana simu, shuka lamboni asubuhi. Mama Nasieku bado analeta maziwa, miguu yake ikiruhusu. Shemdoe naye yupo, kila akiteremka kutoka Lutindi anadai mji huu umejengwa kwa ulimi wake, na kwamba beberu wake hajaletwa. Namtengea chai yenye tangawizi.

Na nyumbani kwangu nimeshawaambia wote, wanangu, wakwe na wajukuu, Zuhura akiwa shahidi: nikifa, asifungue mtu kikao katika matanga yangu, awe mwenyekiti, awe diwani. Mwenye ajenda akaite watu wake siku nyingine. Lakini mtani wa Lutindi akija, msimfungie mlango. Mpeni kanga zangu, mpeni kiti changu, na pembe mwekeeni mapajani. Akisema kwa sauti yangu kwamba napinga, mwacheni amalize, halafu mchinjieni beberu wake.